Hapana ya huku na hapana ya nyumbani

Wiki iliyopita kazini, nafanya kazi nyumba ya kutunza wazee hapa Chicago, supavaiza aliuliza nani anaweza kubaki shifti ya pili, dada mmoja akajibu tu "leo siwezi", akachukua koti lake akaondoka. Basi. Hakusema mtoto anaumwa, hakuzusha msiba, na supavaiza wala hakununa, akamuuliza mwingine. Miaka tisa niko huku na bado kitu hicho kinanifurahisha kama siku ya kwanza, maana nyumbani hapana haitembei peke yake, lazima uisindikize na sababu tatu na moja wapo iwe homa.

Dada huyohuyo ndo aliniazima The Fountainhead, riwaya ya Ayn Rand ya 1943, nikaimaliza, halafu nikaanza kutafuta habari za maisha ya huyo mama na tangu hapo sijatulia. Anasema wazi kabisa kwamba mtu kuishi kwa faida yake mwenyewe ni wema, na kujitoa mhanga kwa ajili ya wengine ndo uovu wenyewe. Ana kitabu cha 1964 ambacho jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema fadhila ya ubinafsi. Sasa kalitamke hilo mbele ya wazee wetu, sisi tuliokuzwa na "ubepari ni unyama"! Kwetu mbinafsi ni tusi, ukishaitwa hivyo kwenye kikao cha ukoo hulivui tena.

Lakini kabla hamjamrushia mawe sikilizeni alikotoka. Kazaliwa St. Petersburg, Urusi, 1905, jina lake Alisa Rosenbaum, baba yake ana duka la dawa. Mapinduzi yakaja, Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa kule, wakalichukua duka kwa jina la wananchi, familia ikakimbilia Crimea, na waliporudi mjini ikawa maisha ya njaa. Mtoto aliyeshuhudia baba yake ananyang'anywa jasho lake halafu anaambiwa ni kwa faida ya wote, mlitegemea akikua aandike nini? Nyie ambao wazee wenu walichukuliwa majumba na serikali kule Tanzania 1971 yakaitwa nyumba za Msajili mnajua mzee anavyopita mtaa ule bila kugeuza shingo. Siingii kwenye ubishi wa Mwalimu Nyerere alipatia au alikosea, nasema tu kwamba yale maandishi yana kidonda ndani, na baadaye alihangaika kuwaleta wazazi wake Marekani, wakakataliwa kutoka, hakuwaona tena mpaka wamekufa.

Najua mnachoandaa kunijibu. "Kashiba huyo, sasa anatuletea falsafa za kukwepea michango." Jamani. Kila mwezi natuma hela tangu nimefika, wadogo zangu wawili wamesoma kwa hizi shifti za usiku, na bati la mama nimeezeka mimi. Siringi, nataka mjue anayeongea hajakata kamba. Kutoa hakujawahi kunichosha, kinachonichosha ni kuwekewa jina langu kwenye orodha ya kamati na kiasi kimeshaandikwa pembeni, laki tano, kabla sijaulizwa kama nimekula. Na ukichelewa siku mbili unapigiwa simu na mtu ambaye hakukupigia hata ulipolazwa. Huo utu gani? Hapo Ayn Rand namwelewa kabisa, zawadi unayolazimishwa kuitoa haina tofauti na kodi.

Ila na yeye kuna pahala kaniudhi sana. Mwishoni mwa Atlas Shrugged, ile riwaya yake nene ya 1957, aliandika kwamba hakuna mtu aliyemsaidia. Nikakifunga kitabu. Maana 1926 alipofika Marekani alifikia kwa ndugu wa mama yake, hapahapa Chicago, wakamlaza na kumlisha miezi kadhaa, mmoja wao alikuwa na ukumbi wa sinema akawa anaangalia picha atakavyo huku anajifunza lugha, viza wakamsaidia kuongeza muda, na alipoondoka kwenda Hollywood aliondoka na hela yao mfukoni. Mama, huo si ukoo? Mimi nilifikia kwa binamu wa baba, kochi lake nimelilalia miezi saba na kila asubuhi mkewe ananiachia chai kwenye chupa, leo nisimame niandike hakuna aliyenisaidia? Mkono utakauka.

Kuna wanaomcheka kwamba uzeeni, baada ya kupasuliwa saratani ya mapafu, alipokea pensheni ya serikali aliyoipinga maisha yake yote. Hilo mimi simcheki, alilipa kodi, alikuwa anarudishiwa chake, na mwenyewe alishaandika zamani kwamba anayekatwa kwa nguvu ana haki ya kudai. Dhambi yake kwangu ni lile kochi la Chicago tu, kulificha.

Jana usiku nimeandika kwenye grupu la ukoo: ada ya yule binti wa shangazi nitalipa mwaka mzima, mchango wa harusi hapana, na sikuweka sababu. Tiki zote zimekuwa za bluu, shangazi mwenyewe kasoma saa nne, na mpaka naandika hapa hakuna aliyejibu isipokuwa mama, kaniuliza naumwa nini.