Askari Amegoma Kula Pumba

Kwa heshima zote ninazostahili nikiwa karani mstaafu wa ghala la korosho, baba wa watoto wanaojitegemea na mjumbe wa kamati ya maji ya mtaa, naomba ieleweke kwamba leo asubuhi nimedharauliwa na mbwa. Nimemwekea Askari sufuria yake ya kila siku, ugali wa pumba uliosongwa pamoja na dagaa waliovunjikavunjika, chakula kilichomlea tangu alipoachishwa ziwa, naye akakinusa, akanitazama usoni, kisha akaenda kulala chini ya mkorosho akiwa amenipa mgongo. Mama watoto, aliyekuwa akifagia uwanja, alisema tu, "Mwenzio ameshaonja vya watu," akaendelea na ufagio wake.

Hivyo vya watu alivionja Jumamosi, siku ya chanjo. Wakazi wa Naliendele, hapa Mtwara, hawahitaji kusimuliwa siku hiyo inavyokuwa: kipaza sauti kinapita juu ya bodaboda tangu alfajiri, saa iliyotangazwa na saa ya bwana mifugo kufika hazijawahi kufahamiana, na mbwa ambao mwaka mzima hawajui kamba wanaburutwa kwa kanga kuukuu, kwa mikanda ya suruali na kwa waya wa kuanikia nguo. Foleni yenyewe mimi huwa siinung'unikii. Kichaa cha mbwa kikishamdhihirikia mtu, nafasi ya kupona ni kama haipo, na mikoa yetu hii ya kusini ilikuwamo katika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 2010, kwa hiyo sisi na sindano ni wenyeji. Ninachonung'unikia ni mazungumzo. Zamani watu wakisubiri walizungumzia mvua, mnada na viwavi. Siku hizi wanalinganisha vyakula vya mbwa.

Chanjo ilikuwa inatolewa mbele ya ghala la chama cha msingi cha wakulima wa korosho, ambalo kwa kuwa msimu haujaanza lilikuwa tupu, likiwa na mizani yake tu na karani mmoja kijana asiye na la kufanya. Mbele yangu alisimama jirani yangu mwenye nyumba yenye ukuta, ambaye tangu aujenge hatuna jina jingine la kumwita isipokuwa Bwana Ukuta. Alikuwa na Bruno, mbwa wa asili ya Kijerumani mwenye masikio yaliyosimama na mkanda wa ngozi unaoupita wangu mimi kwa ubora. Nyuma yangu alikuwa nesi wa zahanati na kijibwa chake cheupe alichokibeba kwapani, na nyuma ya nesi mama anayeuza mihogo ya kukaanga, pamoja na mbwa wake aitwaye Mtasema Mchoke, jina ambalo majirani zake wote wanajua limetumwa kwa nani.

"Shikamoo, mzee," alisema Bwana Ukuta kwa adabu kamili, na mimi nikaitikia marahaba bila kujua ninakoelekea. "Hivi Askari unamlisha chakula gani?"

Nilimjibu kwamba anakula kinachobaki, na kisipobaki anakula kilichobaki kwa jirani. Nilidhani mazungumzo yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yamevua viatu. Bwana Ukuta alieleza kwamba Bruno alianzia kwenye Pedigree, akahamishiwa Royal Canin, kampuni ambayo, alisema akihesabu kwa vidole, ilianzishwa na daktari wa mifugo wa Ufaransa mwaka 1968, na kwamba mwezi huu anajaribiwa gunia la kampuni nyingine ambayo jina lake hakuna aliyeweza kulitamka pale, yeye akiwemo. Gunia hilo huagizwa Dar es Salaam, husafirishwa kwa basi, na hupokelewa stendi kwa heshima ambayo mama mkwe wangu hajawahi kuipata. Kisha akatoa simu na kutuonyesha picha ya maandishi ya nyuma ya gunia: protini asilimia 21.

Nesi naye alikuwa na kopo ndani ya mkoba. Likasomwa: protini asilimia 8. Bwana Ukuta akacheka kile kicheko cha mtu aliyeuza kwa bei ya mnada wa kwanza, na nesi akakibadilisha kijibwa kwapa.

Hapo ndipo nilipoona nisaidie, kwa sababu mimi maisha yangu yote nimelipwa kwa kujua kitu kimoja, nacho ni kwamba maji yanapanda mizani. Korosho mbichi inapimwa unyevu kabla ya kusifiwa uzito, basi na kopo litendewe haki hiyo. Nikaokota kijiti, nikachora mchangani. Kopo lilikuwa na unyevu wa asilimia 78, maana yake chakula kikavu kilichomo ni 22 tu katika kila mia, na 8 ndani ya 22 ni kama asilimia 36. Gunia lilikuwa na unyevu wa asilimia 10, kwa hiyo 21 ndani ya 90 ni kama asilimia 23. Kwa hesabu ya chakula kikavu, kopo la nesi limelishinda gunia la Bwana Ukuta. Nesi alininyooshea mkono wa pongezi, na pangeishia hapo pangekuwa pazuri, lakini mama wa mihogo aliuliza kopo zima lina uzito gani, akaambiwa gramu 400, akatazama mchanga wangu, akasema, "Kwa hiyo gramu 312 dada amenunua maji." Nesi akaurudisha mkono wake.

Bwana Ukuta, ili asishindwe, akadai kwamba gunia lake lina nyama ya ng'ombe, imeandikwa mbele kwa herufi kubwa. Bwana mifugo, aliyekuwa amefika na kuanza kupanga sindano, alisema bila kuinua kichwa kwamba kwa taratibu zinazofuatwa Marekani, ambako gunia lile limetoka, chakula kinachoandikwa kuwa kina "nyama ya ng'ombe ndani yake" kinatakiwa kiwe na asilimia 3 ya nyama hiyo, na kinachoandikwa "ladha ya ng'ombe" kinatakiwa tu mbwa aweze kuihisi. Asilimia 3! Ng'ombe huyo alipita karibu na kiwanda akakohoa. Mimi sikushangaa, maana nimeona mawe ndani ya magunia ya korosho, na wizi wa mizani hauna uraia. Mwaka 2007 huko huko Amerika ya Kaskazini mbwa na paka wengi walikufa kwa kuharibika figo, kwa sababu unga wa ngano uliotoka China kwa ajili ya vyakula vyao ulikuwa umetiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Maabara hupima protini kwa kupima nitrojeni, na melamini imejaa nitrojeni, basi mwizi akaonekana ana protini. Jiwe letu la gunia angalau mtu analiona.

Vya kutafuna ndivyo vilivyoniletea balaa. Bwana Ukuta alitoa mfukoni pakiti ya biskuti zenye umbo la mfupa, za kumtunzia Bruno akitulia, ingawa Bruno alikuwa ametulia tangu mwanzo na mwenye kuhangaika alikuwa yeye. Biskuti hizi nazo zina ukoo. Husimuliwa kwamba Mmarekani mmoja, James Spratt, alifika London karne ya 19, akawaona mbwa wa bandarini wakitafuna biskuti ngumu za mabaharia, akafungua kiwanda cha biskuti za mbwa. Mbwa wa bandari ya Mtwara nao wanatafuna kila kinachodondoka tangu bandari ijengwe, na hakuna hata mmoja wetu aliyetajirika. Pamoja na biskuti akatoa kitu kingine, kikavu, chepesi, rangi ya kahawia, kinachofanana na kipande cha ngozi ya ngoma. Mama wa mihogo akakipokea, akakibonyeza, akakigonga ukutani apime ugumu, akampa nesi, nesi akanipa mimi.

Maalimu wa madrasa, ambaye baraza lake linatazamana na ghala na ambaye mate ya mbwa yakimgusa hana budi kuosha mara saba, moja ikiwa kwa udongo, alikuwa ametutazama muda wote kwa umbali wa kisheria. Akauliza kwa upole, "Samahanini, hilo ni sikio la mnyama gani?"

Bwana Ukuta akasoma pakiti. Akasoma tena. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ni la nguruwe.

Foleni yetu ilipata nafasi ambayo hata wakati wa korona haikuipata. Mama wa mihogo alikuwa ameshika ndoo yake ya biashara kwa mkono ule ule, na sauti aliyoitoa iliwafanya mbwa watatu wakate kamba. Bwana mifugo akaongeza, kana kwamba anatupoza, kwamba hata pasipo dini mikono inawe, kwa sababu mwaka 2019 huko Marekani watu wengi waliugua bakteria wa salmonela kutokana na masikio hayo hayo ya nguruwe ya mbwa. Maalimu akasema yeye alishatangulia kusema, akaagiza mtoto alete maji na udongo. Ni katika vurumai hiyo ya kunawa ndipo Bwana Ukuta, akitafuta kusamehewa na yeyote, alipomtupia Askari biskuti. Askari hakuitafuna. Aliifumba mdomoni, akafumba na macho.

"Sasa umwanzishie lishe kamili, mzee," alisema Bwana Ukuta, "maana vitafunio visizidi sehemu ya kumi ya chakula cha siku." Nikauliza lishe kamili ni kiasi gani. Ikatolewa simu, ikasomwa jedwali, na jedwali likataka uzito wa mbwa. Karani kijana, aliyekuwa anasinzia, akasikia neno uzito, akafufuka.

Askari aliingizwa ndani ya gunia la katani, kichwa kikabaki nje, akapandishwa mizani ya chama. Kilo 18. Kijana akatoa daftari na kwa mazoea akaondoa kilo moja ya gunia, zikabaki 17. Kisha akambonyeza mbavu, akasema mzigo una unyevu, maana Askari alikuwa amepita kwenye dimbwi, akataka kukata tena. Kisha akauliza, kalamu ikiwa tayari, aandike daraja la ngapi. Bwana Ukuta, Mungu amsamehe, akasema, "La pili."

Daraja la pili! Mimi sikupandisha sauti katika ghala lile hata msimu malipo yalipochelewa mpaka wakulima wakalala mlangoni, lakini siku hiyo nilipiga kelele. Mbwa huyu ndiye anayelala nje na mvua, akiwafukuza wezi wa korosho kwa miguu yake, wakati Bruno analindwa na ukuta anaopaswa kuulinda! Pumba zimempa meno, dagaa wamempa manyoya, kitunguu cha makombo ya pilau ambacho bwana mifugo anasema kinaharibu damu ya mbwa hatujampa kwa sababu pilau lenyewe kwetu halibakishi makombo, na leo anakuja mtu na simu kumpanga daraja! Kijana aliandika "la kwanza" haraka sana. Jedwali nalo likasema kilo 17 ni gramu 250 kwa siku, yaani gunia la kilo 15 lingemtosha siku 60, na bei ya gunia hilo inazidi gunia la mahindi. Nyumbani kwangu wamo watu ambao tangu wazaliwe hawajapimiwa gramu.

Kuanzia hapo kila mtu ni mtaalamu. Mwenye duka la dawa za mifugo ananishauri ninunue nusu, na nusu haiuzi. Mwenye bucha, ambaye mifupa ya mbwa aliitoa bure na shukrani juu, sasa anaiweka mizani. Shemeji yangu wa Masasi amepiga simu kushauri nimchanganyie Askari korosho zilizobanguliwa, kwa sababu si sumu kwa mbwa kama zilivyo makadamia, na nilipomwambia kwamba zina mafuta mengi na kwamba za kubanguliwa mimi mwenyewe nazionea dirishani, akasema basi nimpe chache.

Nikaona suluhisho ni vichwa vya samaki, nikaenda sokoni Mtwara. Muuzaji akaniuliza, "Mzee, vya kula au vya mbwa?" Swali hili ni la mtego. Ukisema vya mbwa, anajua una mbwa wa kununuliwa chakula, kwa hiyo una pesa, na bei inapanda. Ukisema vya kula, anakuonea huruma na kukuongezea viwili. Nikasema vya kula. Akaniongezea viwili, na mwanamke aliyekuwa pembeni akichagua samaki aina ya changu, ambaye sikumtambua kwa sababu ya mtandio, akanipa pole kwa jina langu.

Kabla sijafika Naliendele, binti yangu aliyeko Dar es Salaam alikuwa ameshapata habari kwamba baba yake anaishi kwa vichwa vya samaki. Alipiga simu akilia, akamlaumu mama yake, akawalaumu kaka zake, akatuma pesa za nyama na za matibabu ya macho, maana pia aliambiwa nimekuwa siwatambui watu. Pesa zimeingia kwenye simu ya mama watoto. Nimemweleza kwa utulivu kwamba ni pesa za nyama ya binadamu. Amenisikiliza vizuri, amekunja kanga, na sasa yuko ukutani kwa jirani anauliza kama lile gunia linaweza kupimwa kwa kilo moja moja.