Ushindani wa Televisheni Ambao Mtazamaji Ndiye Anayeulipia

Kila inapotangazwa kwamba kampuni mpya ya televisheni inaingia sokoni nyumbani Tanzania, huwa nasikia hoja ileile: kampuni zikiongezeka, bei zitashuka na mtazamaji atafaidika. Nimeishi Uingereza muda wa kutosha kuona hoja hiyo ikijaribiwa katika soko kongwe kuliko letu, na msimamo wangu ni kwamba ukweli wake ni nusu. Ushindani humfaidi mtazamaji pale kampuni zinaposhindania ubora wa vipindi huku zote zikitumia njia moja ya kurushia matangazo. Zinaposhindania kumfungia mtazamaji kitu ambacho hawezi kukipata kwingine, wingi wao humwongezea gharama.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mpira wa miguu. Ligi Kuu ya England ilipoanza mwaka 1992, haki za kuonyesha mechi zake moja kwa moja zilichukuliwa na BSkyB, kampuni ya dishi iliyotokana na muungano wa Sky na mshindani wake BSB mwaka 1990. Kampuni hiyo ilibaki peke yake hadi mwaka 2007, baada ya Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, kushinikiza kwamba mechi zisiuzwe zote kwa mnunuzi mmoja. Ungetarajia kwamba shabiki angepumua. Setanta iliingia na kufilisika mwaka 2009, ikafuata ESPN, kisha BT Sport mwaka 2013, ambayo sasa inaitwa TNT Sports, na kwa misimu kadhaa Amazon nayo ikawa na fungu lake. Matokeo yake ni kwamba shabiki aliyekuwa akilipia kampuni moja alijikuta analipia mbili, na wakati mwingine tatu, ili aifuate timu yake ileile, kwa kuwa mechi iliyo kwa huyu haipatikani kwa yule. Wauzaji wawili wasiouza bidhaa moja hawawezi kushushiana bei. Kila mmoja ana ukiritimba katika kipande chake.

Kuna jambo ambalo ndugu zangu hawaliamini hadi leo. Jumamosi kati ya saa 8:45 mchana na saa 11:15 jioni, hapa England hairuhusiwi kuonyesha moja kwa moja mechi za ligi, kwa utaratibu wa tangu miaka ya 1960 unaokusudia watu waende viwanjani, hasa kwa timu ndogo. Kwa hiyo mechi inayochezwa kilomita chache kutoka ninapoishi Birmingham, mdogo wangu aliyeko Morogoro anaitazama kwenye kibanda umiza kwa kiingilio kidogo, nami nasubiri anitumie matokeo kwa simu.

Hata hivyo, ninapoacha mpira na kutazama televisheni ya kila siku, tofauti inageuka upande wa pili. Nilipohamia katika nyumba ninayokaa sasa, nilichomeka waya wa televisheni kwenye tundu la antena ukutani, televisheni ikatafuta chaneli yenyewe, na baada ya muda mfupi BBC, ITV, Channel 4, Channel 5 na nyingine nyingi zikawa zimepangwa kwa namba. Sikununua king'amuzi wala kifurushi. Huo ndio mfumo wa Freeview, na chaneli zake kuu zinazifikia takriban asilimia 98.5 ya kaya za Uingereza. Kampuni hizo ni mahasimu wa kweli katika kuwania watazamaji, watangazaji na, ukiiacha BBC, matangazo ya biashara, lakini mawimbi yao hupita kwenye minara ileile.

Ni vema ikumbukwe kwamba Waingereza hawakufika hapo kwa hekima peke yake. Mwaka 1998 ilianzishwa kampuni ya kulipia iliyotumia antena, ambayo baadaye iliitwa ITV Digital. Iliahidi pauni milioni 315 kwa haki za ligi za madaraja ya chini ya mpira, wateja hawakutosha, na mwaka 2002 ikaanguka. Ni masafa yaliyoachwa na kampuni hiyo ndiyo yaliyofungua Freeview mwezi Oktoba mwaka huohuo. Mitambo ya analojia ilizimwa kwa awamu, kuanzia mwaka 2007 hadi Oktoba 2012, wakati watu wengi walikwisha kuwa na njia ya bure ya kupata dijitali.

Sisi tulikwenda kinyume. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 ndipo ikawa na televisheni, tena kwa mkono wa kampuni binafsi, wakati Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwaka 1973. Katika enzi ya analojia, antena moja juu ya bati ilikamata kila kituo kilichokuwa hewani mjini. Tarehe 31 Desemba 2012 analojia ikazimwa Dar es Salaam, na Tanzania ikasifiwa kwa kutangulia nchi nyingi za Afrika. Leseni za kusambaza mawimbi ya dijitali zilipewa kampuni tatu, mojawapo ikiwa ubia wa TBC, shirika la utangazaji la taifa, na StarTimes ya China, na wananchi wakaingia madukani kununua ving'amuzi. Kisha zikaja kampuni za dishi kwa nguvu zaidi, Azam ikiungana nazo mwishoni mwa mwaka 2013. Ushindani ulikuwepo, lakini barabara ya wote haikuwa imejengwa. Kila msafirishaji alichonga yake na kuweka geti.

Gharama ya hali hiyo niliiona sebuleni kwa mama. Chini ya televisheni yake kuna ving'amuzi viwili, kimoja cha dishi kwa ajili ya tamthilia na Ligi Kuu, na kingine cha antena kilichonunuliwa mwaka 2018, pale TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ilipozizuia kampuni za dishi kubeba chaneli za ndani za bure kwa hoja kwamba leseni zao haziruhusu. Hoja ya kisheria naielewa, na nakubali kwamba chaneli ya bure haipaswi kuuzwa ndani ya kifurushi. Lakini aliyeadhibiwa ni mama aliyekosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku hadi aliponunua kifaa kingine, na hadi leo humwita mjukuu amchomolee waya huu na kuchomeka ule.

Sitaki nieleweke kwamba ya Uingereza yote yaigwe. Ada ya televisheni hapa, ambayo huiendesha BBC, ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2026, na anayetazama matangazo ya moja kwa moja ya kituo chochote lazima ailipe. Kaya nyingi za Tanzania haziwezi kubeba mzigo wa namna hiyo. Hata BBC yenyewe imo katika mabadiliko makubwa, kwa maana hati yake ya kifalme, inayoipa idhini ya kuwepo, inakwisha mwishoni mwa mwaka 2027 na vijana wamehamia YouTube na Netflix.

Isitoshe, kuna eneo ambalo ushindani wa nyumbani umezaa matunda ambayo ningependa yasemwe kwa sauti, nalo ni Kiswahili. Azam inaleta tamthilia za Kituruki zikiwa na sauti za Kiswahili, StarTimes imefanya vivyo hivyo kwa za Kichina, MultiChoice yenye DStv imeanzisha chaneli ya filamu na tamthilia za Kitanzania, na waigizaji wetu wamepata wanunuzi wanaogombea kazi zao. Huko ndiko kushindania vipindi, na mtazamaji anakuona kila jioni. Vilevile mkataba wa mwaka 2021, ambao Azam ilikubali kulipa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10 kwa haki za Ligi Kuu ya Tanzania, umevipa vilabu vya mikoani fedha ambazo viingilio vya mlangoni havingeweza kuvipatia.

Pamoja na pongezi hizo, Uingereza ina kanuni moja ambayo ningeichukua kesho. Chini ya Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1996, yapo matukio ambayo haki zake za moja kwa moja lazima zitolewe pia kwa chaneli za bure zinazowafikia karibu watu wote: fainali za Kombe la Dunia, Olimpiki, fainali ya Kombe la FA na mengine machache. Kampuni za kulipia hazikufa kwa sababu hiyo. Zina ligi nzima ya kuuza. Kwetu orodha ingeweza kuwa fupi: mechi za Taifa Stars, fainali ya kombe la nchi, na pambano la Simba na Yanga. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON kwa pamoja, na uwanja mpya wa Arusha unajengwa kwa fedha za umma. Wizara na TCRA wanayo nafasi ya kuandika kanuni hiyo sasa, kabla ya mashindano hayo kuanza, na pamoja nayo waamue kwamba king'amuzi chochote kinachouzwa nchini, cha dishi au cha antena, kifungue chaneli za bure hata pale kifurushi kinapokuwa kimekwisha.