Paco de Lucía na Diego del Gastor: gitaa la kasi na gitaa la kungoja

Mwaka 1973 mpigaji gitaa Diego del Gastor alifariki huko Morón de la Frontera, mji mdogo wa Andalusia, kusini mwa Hispania, ambao sifa zake zote alizipatia humo. Mwaka huohuo mpigaji mwingine, Paco de Lucía, mzaliwa wa Algeciras mwenye umri wa miaka 25, alirekodi "Entre dos aguas", rumba iliyolifikisha gitaa la flamenko, muziki wa jadi wa Andalusia, kwa watu ambao hawakuwahi kulijali. Hadi leo wapenzi wa muziki huu wanabishana: je, Paco aliuinua, au aliuzamisha katika kasi?

Walio upande wa Diego wana hoja nzito. Katika flamenko mwenye enzi ni mwimbaji, na gitaa lilikuja kumhudumia. Diego alitegemea sana kidole gumba. Alikuwa akipiga noti chache, akanyamaza, na mzunguko wa mapigo 12 ukaendelea kutembea ndani ya ule ukimya. Unajikuta umeshika pumzi ukingoja pigo la 10, lenye mkazo, na likifika linakupata mahali ambapo noti mia moja zisingekufikia. Hakujali studio wala majukwaa makubwa. Sehemu kubwa ya muziki wake imetufikia kupitia kanda za wageni, wengi wao Wamarekani, waliofunga safari hadi Morón kumsikiliza.

Paco alilelewa kwa njia nyingine kabisa. Baba yake alimkalisha na gitaa kwa saa nyingi kila siku tangu utotoni, na matokeo yake ni ile kasi ya kupokezana kidole cha shahada na cha kati ambayo bado inawashangaza wapigaji wenzake. Akaongeza kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za jazi, akaongeza filimbi na gitaa la besi, akaleta na kahoni, lile sanduku la kupigwa kwa mikono alilolikuta Peru. Wahafidhina walikereka. Hata mimi ninayempenda, nikisikiliza onyesho la San Francisco la Desemba 1980, akiwa na wapigaji gitaa wa jazi Al Di Meola na John McLaughlin, kuna mahali nasikia mashindano ya mbio kuliko muziki.

Lakini neno "asili" linahitaji kupimwa. Mpigaji Ramón Montoya, ambaye leo ni nguzo ya mapokeo, ndiye aliyechota tremolo (kurudia noti moja haraka haraka) na mbinu nyingine kutoka kwa wapigaji wa gitaa la kiklasiki, na rekodi zake za Paris za mwaka 1936 zilikuwa jambo la nadra wakati huo: gitaa peke yake, bila mwimbaji. Mpigaji mwenzake Sabicas akaliendeleza hilo akiwa uhamishoni, Mexico na kisha New York. Ni yeye aliyemwambia Paco, wakati huo bado kijana mdogo, aache kuiga wakubwa atunge vyake. Kwa hiyo kumlaumu Paco kwa kubadilisha ni kumlaumu kwa kufuata ushauri wa mapokeo yenyewe.

Tena kasi si moyo wake. Chukua albamu alizopiga na mwimbaji Camarón de la Isla kuanzia 1969. Kati ya beti gitaa linawaka, lakini sauti ya Camarón ikipanda tu, Paco anarudi nyuma, anaacha kodi mbili tatu za kumshikilia asianguke. Huo ni utumishi uleule aliokuwa nao Diego alipomsindikiza mwimbaji Fernanda de Utrera.

Ninapowapa haki wakosoaji ni kwa waliofuata. Kwa miaka mingi vijana wengi walinakili vidole vya Paco wakaacha sikio lake, na lafudhi za miji, yaani namna kila mji ulivyopiga, zikafifia. Ndiyo maana namthamini sana mpigaji gitaa Moraíto wa mji wa Jerez, aliyefariki mwaka 2011. Enzi ya Paco ilipita mbele yake, naye akaendelea kupiga buleria, mtindo wa flamenko wenye mwendo wa haraka, ya mtaani kwao, fupi na nzito, gumba likigonga nyuzi za besi kama mtu anayekanyaga sakafu ya nyumba yake mwenyewe.