Kofia ya Njano

Sisi watu wa Moshi tuna ugonjwa. Mlima Kilimanjaro tumeuona tangu tukiwa mgongoni kwa mama, lakini ukijitokeza asubuhi bila wingu, kila mtu anachomoa simu kama mtalii aliyeshuka jana. Mimi wangu umezidi: nimekopa, nikanunua kamera.

Jumamosi moja nikadamka saa kumi alfajiri, boda hadi Mabogini, kwenye mpunga. Nilitaka kilele cha Kibo ndani ya mfereji, kichwa chini miguu juu. Na uwahi, maana ikigonga saa tatu mlima unavuta shuka.

Saa kumi na mbili na nusu ulikuwepo wote, Kibo hadi Mawenzi. Shida maji. Yalikuwa yanakimbia, na maji yanayokimbia hayafanyi kioo. Nikaona geti dogo la ubao, linaloingiza maji kwenye kijifereji cha majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga. Nikalishusha. Dakika kumi tu, nilijiambia. Kijifereji kikatulia tuli, Kibo akalala ndani kama mtoto. Nikapiga picha mpaka nikasahau nina mke.

Asiyelima mpunga hajui: maji kule ni zamu. Mtu yuko radhi akopeshe ng'ombe, si zamu yake ya maji. Ya usiku unakesha nayo na tochi na jembe.

“Nani kafunga maji yangu?”

Bibi mmoja, kanga kiunoni, jembe begani.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Nani kafunga?”

Nikasema sijui. (Mungu anisamehe, jembe lilikuwa jipya.) Wakajaa watu. Aliyefoka kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa kofia ya njano: “Huyu ndiye mwizi! Tangu usiku maji ya huyu mama yanapungua! Apelekwe kwa mwenyekiti!”

Tangu usiku? Mimi nimefika alfajiri. Nikawasha kamera wazione saa za picha. Bibi akasogeza uso, akitazama moja moja.

“Huo mlima naujua. Rudisha nyuma. Hapo. Mkuze huyo.”

Nikamkuza. Ilikuwa picha ya kwanza kabisa, ya kujaribu mwanga. Pembeni, huko juu mferejini, mtu ameinama anachepusha maji kwenda jaruba lake. Sura haionekani. Kofia inaonekana vizuri sana.

Kimya. Vyura tu.

“Mangi,” bibi akamwambia taratibu, “hiyo kofia uliazimwa?”

Mzee akaivua, akaiweka mfukoni, kana kwamba ingesaidia. Bibi akanigeukia: “Na wewe mjukuu wangu, umeshusha geti, sivyo? Vidole vyako vina tope la ubao.”

Hukumu ilitoka palepale, bila mwenyekiti. Mimi na mzee tuzoe tope kwenye kijifereji chote mpaka kwenye jaruba la mwisho. Kamera ikabaki dhamana shingoni kwa bibi. Mlima ukajifunika saa tatu kasoro, nikashukuru, angalau hautaniona.

Saa kumi na moja jioni wingu likafunguka. Kibo ikang'aa rangi ya dhahabu, na mimi nimezama hadi magotini, jembe mkononi. Nikasikia mlio wa kamera nyuma yangu.

Ndiyo picha bora niliyorudi nayo. Mlima wote umo, hata theluji. Mbele yake makalio mawili yameinama, langu la kushoto.