Nitakulipa hadi elfu ishirini

Mwezi uliopita tumehama Mwanga, tukahamia Kibirizi, hapa hapa Kigoma. Dalali alinimaliza mapema: maji yapo, luku yako mwenyewe, ziwa unaliona ukiwa jikoni. Nikamuuliza mtandao. Akanyanyua simu yake, vijiti vyote vimejaa, akacheka kama mtu aliyeulizwa kama Kigoma kuna migebuka. Nikalipa kodi ya miezi sita.

Siku ya tatu akaja kijana wa kampuni ya intaneti ninayoitumia. Akazunguka sebuleni na simu yake, akatoka uani, akaangalia kilima, akarudi. Akasema kwa upole, kama daktari mwenye majibu mabaya: "Kaka, hapa makadirio ni nne."

Nne? Kule Mwanga nilikuwa napata 18, siku nzuri 20. Kifurushi ni kile kile, ruta ile ile, na bei haijapungua hata shilingi. Na bango lao limeandikwa kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya ziwa: hadi Mbps 20, yaani megabiti ishirini kwa sekunde, kipimo cha kasi.

Nilimfokea yule kijana. Hakustahili, maana katika watu wote waliowahi kunitajia namba kuhusu ile nyumba, ni yeye peke yake aliyesema kweli.

Hasira zangu ziko kwenye hiyo "hadi". Shuka mwaloni asubuhi, mwambie mama mwenye dagaa wake kwamba ndoo ile utailipa hadi elfu ishirini. Akishakupimia, mpe elfu nne. Akikuuliza, mjibu kwamba elfu nne nayo imo ndani ya hadi. Ukifika nyumbani na meno yote, shukuru Mungu. Lakini kampuni ikitufanyia vile vile tunaitikia, tunauliza na ofa ya mwisho wa mwezi.

Tusijidanganye kwamba ni ugonjwa wetu peke yetu. Uingereza matangazo yao yaliwahi kuruhusiwa kutaja kasi inayofikiwa na asilimia 10 tu ya wateja. Mei 2018 wakabanwa: namba unayoitangaza, angalau nusu ya wateja waipate saa za msongamano, yaani saa mbili hadi saa nne usiku. Machi 2019 likaongezeka jingine. Kampuni zilizokubali kanuni za Ofcom, mdhibiti wao, zinakupa makadirio ya nyumba yako pamoja na kiwango cha chini cha uhakika kabla hujaingia mkataba. Kasi ikishuka chini ya hapo wana siku 30 za kurekebisha. Wakishindwa, unaondoka bila faini.

Mdogo wangu yuko Leicester, naye alihama akakuta makadirio yameanguka kutoka 60 hadi 12. Kwake kisa ni waya wa shaba: kadiri unavyorefuka toka kwenye kabati la mtaani, lile sanduku la kugawia nyumba mtandao, ndivyo kasi inavyochoka njiani. Na waya haukatizi viwanja kama mbuzi, unafuata njia uliyochimbiwa. Jirani yake wa ng'ambo ya barabara yuko kwenye kabati jingine, anakula 50. Dogo alilalamika wiki nzima. Ila alilalamika kalamu ikiwa bado mkononi, mimi nililalamika kodi ikiwa mfukoni mwa mwenye nyumba.

Huku kwangu hakuna waya, ni mnara, na kati yangu na mnara kuna kilima. Kampuni haiwezi kuhamisha kilima, hilo nawapa, japo kwa shingo upande. Masafa ya redio yanayobeba data nyingi ndiyo hayo hayo yanayoshindwa na udongo na kuta. Yale yanayofika mbali yanabeba kidogo. Ndiyo maana simu ya dalali ilijaa vijiti. Vijiti vinakuambia mnara unausikia vizuri kiasi gani, havikuambii mko wangapi mnaogawana. Na alinionyesha saa nne asubuhi, watu wako kazini. Saa mbili usiku Kibirizi nzima iko kwenye video, nami nabaki na mbili.

Mtu atasema nne inatosha, si unafungua WhatsApp? Inafungua. Mimi nahariri video za harusi. Faili la GB 1 kwa Mbps 20 linashuka kwa dakika saba hivi. Kwa nne ni zaidi ya nusu saa, na hapo nasema kushusha. Kupandisha ndiyo kazi yangu, na kasi ya kupandisha hakuna bango linaloitaja. Bibi harusi wa Dar hataki kusikia habari za kilima.

Yule kijana alirudi Jumamosi, kwa muda wake. Tukaitoa ruta nyuma ya kabati la vyombo, tukaiweka dirishani upande unaoelekea mnara. Ikapanda hadi sita. Hadi! Nimeshaambukizwa. Nilimwomba radhi, mke wangu akamfungia migebuka miwili.

Jana dalali kanipigia. Ana nyumba Gungu, juu kabisa, mtandao anasema unakimbia kama maji. Nikamwambia sawa, tukaione saa mbili usiku. Akanyamaza kidogo, kisha akasema usiku huwa hafanyi kazi.