Lauwo, Meyer na mtu wa Pangani tuliyemsahau

Ukitaka ubishi kwenye kijiwe cha kahawa hapa Dar, uliza nani alikuwa wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro. Mmoja atasema Hans Meyer, Mjerumani, 6 Oktoba 1889. Mwingine, hasa kama kwao ni Marangu, atamkatiza: Meyer aliongozwa na Yohani Kinyala Lauwo, na anayeongoza ndiye anayetangulia. Sasa nani kafika kwanza?

Hoja ya Lauwo si ya kubeza. Meyer alishakwama mara mbili. Mwaka 1887 ukuta wa barafu ulimzuia. 1888 alitekwa na watu wa Bushiri kwenye vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, hadi akalipiwa fidia. Alifaulu 1889 kwa kuweka kambi moja juu ya nyingine, na chakula kilipanda kwa migongo ya watu. Na mlima wenyewe si barabara. Ukiiacha migomba ya Marangu unaingia kwenye msitu wa ukungu, miti imeota ndevu za kijani, njia inapotea hatua chache mbele yako. Juu yake ni nyika ya majani makavu, halafu jangwa tupu kati ya Mawenzi na Kibo, vilele viwili vya mlima huu, ambako maji ni ya kubeba. Mgeni asingepita huko bila wenyeji. Mwaka 1989, mlima ulipotimiza miaka 100 tangu safari ile, Lauwo alikuwa hai na akaenziwa kama mwongozaji wake.

Ila kupita msituni ni jambo moja, kusimama mita 5,895 ni jingine. Simulizi ya Meyer inataja watu wawili tu kileleni: yeye na Ludwig Purtscheller wa Austria, wakichonga ngazi kwenye barafu kwa shoka. Halafu kuna umri. Lauwo alifariki 1996 akisemwa kuwa na miaka 125, umri unaompita kila binadamu ambaye umri wake umewahi kuthibitishwa. Mimi hapo nasita.

Watetezi wake husema wazungu hawakuandika majina ya Waafrika. Mara nyingi ni kweli. Lakini Meyer huyohuyo alimwandika Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki kambi ya juu kwenye baridi kali akilinda hema huku wale wawili wakipanda. Mswahili wa pwani, jirani yetu kabisa, yupo kwenye maandishi, na kijiweni sijasikia akitajwa.

Naelewa kwa nini tunamng'ang'ania Lauwo. Kilele kile Meyer alikipa jina la Kaisari Wilhelm, na jiwe lake akampelekea Kaisari mwenyewe. Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akapandisha mwenge na bendera, pakawa Uhuru. Mnara wa Mnazi Mmoja umebeba mfano wa mwenge huo juu yake mpaka leo. Nchi iliyopata kilele chake hivyo itataka na mtu wake wa kwanza.

Kwa ushahidi uliopo, Lauwo naweza kumkubali kama mwongozaji wa chini. Wa kileleni, hapana. Mwini Amani hahitaji kutetewa kiasi hicho. Anachohitaji ni mtu wa kumweka kwenye somo la historia, kuanzia shule za Pangani.