Maarifa ya mkonge yasomewe chuoni au shambani?

Kuna mjadala kama usimamizi wa maarifa, yaani kazi ya kukusanya ujuzi wa watu na kuufikisha kwa wanaouhitaji, ufundishwe chuoni kama taaluma. Nauanzia kwenye mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu, Tanzania, ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, nyingi zikitoka Tanga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumeporomoka hadi karibu tani 20,000. Kamba za plastiki zinalaumiwa, na utaifishaji wa mashamba nao unalaumiwa. Lakini mashamba yalipofungwa, ujuzi wa watu nao ulitawanyika. Fundi wa korona, mashine ya kutoa singa (nyuzi) kwenye majani ya mkonge, anayesikia mlio wake akajua visu vimekaa vibaya na singa zitakatika, alirudi kwao na ujuzi wake, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo wanaotaka usimamizi wa maarifa ufundishwe kama taaluma wana hoja nzito. Sheria Na. 3 ya 2002 inalinda kumbukumbu na nyaraka za umma. Jalada lina masijala yake na mtunzaji wake. Mtumishi anapostaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, jalada linabaki, ila yale aliyojifunza kazini anaondoka nayo. Duniani kazi hii imeshawekewa hata kiwango cha kimataifa, ISO 30401 cha mwaka 2018.

Wanaopinga nao wasipuuzwe. Mzazi wa Pongwe au Muheza atauliza: mwanangu akimaliza, ataajiriwa kwa cheo gani? Swali hilo ni la haki, kwani matangazo ya kazi yenye cheo hicho ni adimu. Pia kuna pingamizi la ndani zaidi, ambalo mwanafalsafa Michael Polanyi alilieleza mwaka 1966: tunajua zaidi ya tunavyoweza kusema. Mlio wa korona hauingii kwenye fomu.

Tazama Amani, kule Usambara Mashariki. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na maandishi mengi ya mwanzo ni ya Kijerumani. Kuhifadhiwa pekee hakumfikishii mkulima wa Muheza kitu. Kwangu mimi, hapo ndipo wapinzani wanapojikwaa: Amani inaonyesha kwamba tunahitaji watu waliofunzwa kuyatoa maarifa yalipo na kuyapeleka yanakohitajika, tena wengi.

Ila sitaki shahada mpya yenye jina kubwa. Chuo cha Utumishi wa Umma, chenye kampasi hapa Tanga, kimekuwa kikifundisha utunzaji kumbukumbu kwa miaka mingi, na Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi na uhifadhi nyaraka. Somo hili liingizwe humo, ili kijana atoke na fani anayoifahamu mwajiri pamoja na ujuzi wa ziada. Mafunzo kwa vitendo yasiishie masijala. Mwanachuo akae muhula mzima na fundi anayekaribia kustaafu, afanye naye kazi, arekodi sauti na picha, kisha apimwe kwa jambo moja: je, kibarua mpya anaweza kuitumia kazi ya mwanachuo huyo kurekebisha visu?